Nyama ya Nyuma Ililetwa Mbele

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa tumbaku hapa Itetemia. Shule niliishia darasa la nne, nitaeleza kama nilivyoyaona. Kabla ya ajali nilikuwa nalima kwa mkono wangu kutwa nzima, kifurushi cha ugoro kikiwa kwenye pindo la khanga. Ugoro nimeuzoea tangu usichana.

Aliyenigonga ni Masudi, wa bodaboda. Alipita upande usio wake, pikipiki ikaniburuza kwenye changarawe, yeye akakimbia. Muundi wa kulia ukachunika, mfupa ukapata ufa. Mume wangu akasema hospitali. Dada yake, wifi yangu Nyamizi, akakataa: "Huko watamkata. Twende kwa Mzee Kapela."

Kapela hufunga waliovunjika. Alinifunga vijiti kwa kamba za magome, akakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Nikilia, ananiambia, "Vumilia mama, mfupa unarudi." Siku ya tisa nilinuka hata mwenyewe nikageuza uso.

Mume wangu akanipeleka hospitali. Walipofungua, nyama ilitoka na kamba. Nikauona mfupa wangu, mweupe kama muhogo uliomenywa.

Walisafisha mara nne. Kisha daktari akasema, "Mama, mfupa ukikaa uchi unakufa. Tutakata nyama na ngozi yake huku nyuma, kwenye shavu la mguu, tuigeuze ifunike mbele. Haitatoka kabisa, itabaki imeshikana na mishipa yake ya damu. Pale nyuma tutaweka ngozi ya paja."

"Ikikataa?"

"Tutakata mguu chini ya goti. Na tumbaku marufuku. Sigara, ugoro, vyote. Inabana mishipa."

Nikaitikia.

Baada ya upasuaji, kila saa muuguzi anabonyeza ile nyama kwa kidole, anaangalia rangi. Mimi naangalia uso wake. Siku ya tatu asubuhi Nyamizi akaja na uji, na ugoro kwenye kitambaa.

"Daktari amekataza, wifi."

"Weee! Tumbaku iliyokusomeshea watoto, leo imekuwa sumu? Nusa kidogo, uso umekusawijika kama mfiwa."

Nikanusa. Mara mbili. Hapo simsingizii mtu.

Mchana ule ukingo wa nyama ukawa zambarau. Muuguzi akabonyeza, akabonyeza tena, akaenda kumwita daktari. Daktari akaja mbio. "Mama, umetumia nini?"

Nyamizi akanikazia macho. Nikisema, si watanifukuza? Nisiposema, mguu je?

Nikasema.

Daktari alikasirika sana, lakini alifungua nyuzi chache zilizobana, akaulaza mguu vizuri. "Sasa tunasubiri," akasema. Siku nne. Hata kukohoa niliogopa. Ukingo, upana wa vidole viwili, ukawa mweusi, wakaukata. Iliyobaki ikashika.

Leo natembea. Ukinigusa muundi, nasikia kule nyuma ilikotoka nyama. Namshukuru Mungu, na yule daktari ambaye hakunifukuza. Wewe uliyelazwa, ukiulizwa sema kweli saa hiyo hiyo, aibu haijamkata mtu mguu. Nawe unayekwenda kumwona mgonjwa, muulize muuguzi kabla hujafungua kitambaa chako.

Masudi hajaja hata kunipa pole. Kapela bado anafunga watu. Nyamizi ameniomba radhi mara mbili mbele ya mume wangu, na mdomo wangu umekataa kuitika. Mguu umepona, hilo bado. Niombeeni.