Bampa la Pikapu ya Baba

Mimi huuza rangi Bondeni, mjini Nakuru: rangi za nyumba, za mageti, za magari, pamoja na thina, msasa, burashi na puti ya kuziba mashimo. Watu hudhani kwamba anayeuza rangi anajua kuipaka. Si kweli. Ninachojua ni kumwambia mteja kopo lipi litakauka upesi na lipi litamtoa roho. Kwa hiyo baba yangu aliponipigia simu kuniuliza kama sioni haya, mimi kuuzia mji mzima rangi huku pikapu yake ikitembea na bampa lililooza, kwanza nilicheka, kisha nikaudhika. Jumamosi nilifunga duka mapema nikaelekea kwa wazazi Kiamunyi na mfuko wa vifaa.

Baba alikuwa dereva wa lori maisha yake yote ya kazi. Alibeba pareto na viazi kutoka Molo, akabeba mahindi, akabeba mbao, na sisi watoto wake tulisoma kwa usukani huo. Si mtu wa majivuno. Hajivunii shamba wala watoto, na sisi tumejaribu sana kumpa sababu. Lakini mwulize juu ya ukungu wa Molo na jinsi alivyokuwa akiupenya na mzigo mgongoni, na chai yako itapoa mkononi. Alipostaafu alinunua ile pikapu, ikiwa tayari imezeeka, na kila Jumapili humpeleka Mama kanisani, kina mama wa jirani wakiwa wamejipanga nyuma na vitambaa vyao vya kichwa.

Bampa lenyewe ni la mbele, la chuma, na kona yake ya kushoto ilikuwa imelika hadi unaweza kupitisha kidole. Nilitandika gunia, nikalala chali chini ya gari na kupigana na bolti ambazo kutu ilikuwa imezifanya kitu kimoja na chuma. Kijana wa boda boda alisimama nje ya ua akanitazama kwa huruma. "Mathe, hiyo si upeleke tu kwa fundi?" Hilo neno mathe, la kuitwa mama mtu mzima, bado sijalizoea. Nilimjibu kwamba fundi ndiye huyu aliyelala, naye akaenda zake.

Bampa lilipotoka nililipeleka nyuma ya jikoni, nikalilaza juu ya matairi mawili makuukuu na kuanza kulisugua kwa burashi ya waya. Kutu ilitoka kwa magamba. Chini ya rangi nyeusi nikakuta kijani. Nikacheka peke yangu, maana kijani hicho nakijua. Geti letu lilikuwa la kijani miaka michache iliyopita, na mimi ndiye niliyeleta kopo. Nilisugua zaidi, nikakuta kahawia, rangi ya geti kabla ya kijani. Mama hatupi kitu, nikasema moyoni. Amepaka gari masalio ya geti.

Halafu burashi ikagonga kitu kigumu kikatoa vumbi la kijivu. Ilikuwa simiti. Mtu alikuwa ameziba mbonyeo wa bampa kwa simiti, akailainisha vizuri kama anayepiga plasta ukuta wa nyumba, kisha akapaka rangi juu. Sijawahi kuona jambo la namna hiyo, na nimeona mengi kwenye biashara hii. Simiti huvuta maji na kuyaficha, na ndiyo maana chuma kilikuwa kimeoza kutokea ndani. Nikatafuta zaidi. Kila rangi ilikuwa na mbonyeo wake na simiti yake. Lile bampa halikuwa limegongwa mara moja. Lilikuwa likigongwa, likizibwa, likipakwa, kisha likigongwa tena. Na kule kwenye ncha ya kushoto kulikuwa na mkwaruzo mwekundu, mpya, ambao hakuna aliyeupaka kitu juu. Nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na kitu chekundu.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akimenya maganda ya minji. Nilimwuliza ni nani aliyetia simiti kwenye gari. Aliendelea kumenya. Kisha akauliza Baba yuko wapi, nikamwambia yuko mbele anasikiliza redio, ndipo akaanza kunieleza bila kuinua macho.

Ilianza na nguzo ya geti. Mara ya kwanza Baba alisema breki imeteleza. Mama alingoja alale mchana, akachukua simiti iliyobaki kwenye ujenzi wa tangi, akaziba, akapaka bampa na geti pamoja ili harufu ya rangi iwe na sababu. Alifanya hivyo tena, na tena. Presha ya macho ilikuwa imeula uoni wa Baba pembeni pote. Kliniki walimpa dawa ya matone na kumwambia yaliyokwenda hayarudi. Yeye alituambia sisi watoto kwamba ni mzio wa vumbi. Na wakiwa barabarani, Mama aliketi kando yake akiongea njia nzima: kuna mtu kushoto, punguza, bado, haya sasa.

"Mimi naona, yeye anakanyaga," alisema. "Tumezoea."

Nikamwuliza kuhusu ile nyekundu. Mikono yake ikatulia ndani ya bakuli. Ilikuwa boda boda, karibu na maduka, siku ambayo Mama alikuwa amegeuka kumjibu mtu aliyeketi nyuma. Mwenye pikipiki aliangukia nyasi, akasimama, akajipangusa, na alipoona jinsi wazee hao wawili walivyokuwa wakitetemeka kumshinda, yeye ndiye aliyewaambia pole.

"Hakuumia," Mama akasema. "Hiyo siku hakuumia."

Nilikasirika hadi masikio yakaniuma. Nilimkasirikia Mama kwa simiti yake, nikajikasirikia mimi niliyekuwa nikileta makopo ya rangi na kuondoka bila kuuliza geti lililopakwa juzi linapakwa rangi upya kwa nini. Saa za shule kufungwa, barabara yetu hujaa watoto wanaotembea bega kwa bega kama barabara ni yao. Niliwaona wote kichwani, na nikaona pikapu ikija.

Nilikwenda mbele nikazima redio, kitu ambacho hakuna mtu huthubutu kufanya, nikamwambia Baba kwamba macho yake hayafai tena barabarani. Sikumpambia maneno. Aliisogeza redio kando, nikadhani atakubali. Kisha akaniambia, kwa upole uliouma kuliko kelele, kwamba ameendesha kwenye ukungu ambao hata mkono wako huuoni, na hajawahi kumwaga mzigo wala kuacha mtu barabarani. "Wewe maliza hiyo bampa," akasema. "Ikimalizika nitampeleka mama yako kanisa."

Baba hapandi gari lisilo kamili. Ni sheria yake ya tangu lori: taa moja ikiharibika, hatoki, kioo kikipasuka, hatoki. Gari bila bampa, huwa anasema, ni sawa na mzee aliyetoka nyumbani bila suruali. Kwa hiyo Jumapili ile nilimwitia Mama tuktuk, na Baba akaingia naye, akakaa katikati ya kina mama wawili wa jirani na kumfundisha yule dereva kazi kutoka nyumbani hadi kanisani. Mama aliniambia baadaye kwamba alicheka hadi akaona aibu. Akaniambia pia kwamba shingo yake haikuuma siku hiyo, maana hakuwa na barabara ya kulinda. Hakuwa amewahi kunitajia shingo.

Mimi nilitoa simiti yote, nikakata sehemu iliyooza na kumpelekea fundi wa kuchomelea aweke kipande kipya, nikapaka dawa ya kutu, kisha praima ya kijivu, ile rangi ya chini inayoshika chuma. Koti la kwanza la rangi nyeusi, yaani mpako wa kwanza, liliharibika lenyewe. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa Menengai unapoanza saa za adhuhuri, vumbi la Nakuru huingia hata ndani ya sukari. Rangi ikakauka na chenga juu yake. Nikasugua yote kwa msasa, nikamwambia Baba tuongeze wiki. Hakubisha, maana kazi mbaya haipendi.

Koti la pili nililipuliza mchana makusudi. Nilijua upepo uko njiani. Nilisimama kando na kopo mkononi nikautazama ukija, chembe za vumbi yakitua kwenye rangi mbichi, na nikajisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Kumdanganya mzazi ni kitu kinachokutafuna, hata ukiwa na haki. Wiki nyingine ikapita. Mama alijua, alikuwa akiniuliza kwa uso mkavu kama rangi za siku hizi huwa zinasumbua hivyo, nami nikamjibu kwamba zinasumbua sana.

Lakini mvua ndefu zilikuwa zinakaribia, na zikianza vumbi hulala, na mimi ningeishiwa na sababu. Tena sikuwa na nguvu za kuendelea kumfanyia mtu mzima mchezo, mtu aliyenifundisha kusema jambo mbele ya mwenyewe. Basi Jumamosi moja nilifika kabla jua halijapanda, nikapuliza koti la mwisho kwenye utulivu wa asubuhi, nikaliacha likauke nikinywa chai, na jioni lilikuwa safi. Lilikuwa zuri. Sijawahi kufanya kitu kwa mikono yangu kikatokea vizuri namna ile. Niliazimia kwamba Baba akija kuliona nitamweleza yote, vumbi la makusudi na kila kitu, halafu nitamwomba ufunguo uso kwa uso, na kama ni kugombana tugombane.

Alikuja akipapasa ukuta wa jikoni. Hakutaka nimshike. Alipofika kwenye matairi aliinama na kuanza kupitisha vidole juu ya bampa, kutoka kulia, polepole, jinsi alivyokuwa akikagua turubai la lori kabla ya safari. Nilimtazama usoni. Vidole vikapita mahali palipokuwa pameoza, vikapita kipande kipya, vikafika mwisho wa kushoto palipokuwa na ule mwekundu, vikarudi. Havikukwama popote. Nikafungua mdomo nianze.

"Hapa bado," akasema.

Alikuwa ameweka kidole katikati. Nikaweka changu karibu na chake, nikapapasa. Hapakuwa na kitu. Palikuwa laini kama sahani.

"Baba, hapo hakuna..."

"Kuna vumbi," akasema. "Toa yote. Urudie."

Hakuwa amekasirika. Aliongea taratibu, uso wake umeelekea upande wa geti, na mkono wake ulibaki pale pale juu ya rangi. Akaongeza kwamba nisiharakishe kazi, hata ikichukua mwaka, na kwamba yule kijana wa tuktuk si mbaya sana akielekezwa.

Nikachukua msasa na kuanza kusugua mahali ambapo hapakuwa na kasoro, hadi kijivu cha praima kikaanza kuonekana chini ya weusi. Machozi yalikuwa yakinitiririka na sikuyafuta, maana hakuwa akiyaona. Baba alisimama kando yangu akisikiliza msasa ukienda na kurudi, na hakuondoka hadi aliposikia nimelimaliza bampa lote.