Misiba ya Gongo la Mboto

Mama yangu alikuwa na misiba mingi mno Gongo la Mboto. Kwa miaka mitatu hazikupita wiki mbili bila kuambiwa, "Mwanangu, maharage yako jikoni, mie naenda msibani." Atajifunga khanga, atatia bahasha ya rambirambi kifuani, ataondoka akichechemea kwa lile goti lake la kulia. Nikawa naiogopa Gongo la Mboto. Nilikuwa nakaa nikiwaza kama ni maji wanayokunywa au ni nini, na kama siku moja nitapangiwa kazi huko nitakataa kwa kisingizio gani.

Kazi yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa na shahada kwenye bahasha ya kaki na mwaka mmoja na nusu wa kukaa nyumbani kwetu Mtoni nikimsaidia mama kuchoma vitumbua. Kisha nikapata kibarua cha wiki sita cha kudodosa watu kwa ajili ya utafiti: wanatumiaje pesa, wanawekaje, na wamejiandaaje kwa uzee.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi mmoja Kinondoni. Siku ya kwanza mkufunzi alituuliza, "Nyie wenyewe, mkifika miaka sitini mtakula nini?" Wenzangu walicheka. Mie nilikuwa na miaka ishirini na mitano na papo hapo nikaanza kujibonyeza magoti chini ya meza kuona kama bado yapo sawa. Halafu nikamkumbuka mama, nikaacha kujihofia mwenyewe. Ana miaka hamsini na minane, anauza vitumbua, hana pensheni, hana mume, na mtoto wake wa pekee ana mkataba wa wiki sita. Goti likikataa, tutakula nini? Tangu siku hiyo nililiangalia goti la mama kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyo motoni.

Tulipewa zoezi la kufanya nyumbani: umdodose mtu mmoja, hata ndugu, majibu hayahesabiwi, ila masharti yote yafuatwe. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Nikafungua kishikwambi tulichogawiwa kwenye semina, nikamsomea utangulizi kwamba kila atakachosema kitakuwa siri baina yetu.

Mkono ukasimama juu ya nazi.

"Hebu rudia hapo pa siri."

Nikarudia.

"Hata mjomba wako akikuuliza?"

"Hata mjomba."

"Hata akileta habari za radhi na ukoo?"

"Mama, hata akilia."

"Haya, apa."

"Hakuna kuapa. Kuna kubonyeza hapa, 'Nimekubali'."

"Basi bonyeza na wewe. Nisije nikawa nimekubali peke yangu."

Nikabonyeza. Tukaenda vizuri hadi swali nililokuwa naliogopa: ukishindwa kufanya kazi kwa sababu ya umri, utategemea nini? Kwenye orodha ya majibu, neno "watoto" nililisoma haraka haraka.

"Usijisumbue," mama akasema. "Wewe nimekuweka mwisho kabisa, baada ya 'mengineyo'. Andika vyumba vinne vya kupangisha, Gongo la Mboto. Vimefika kwenye linta, bado kuezekwa."

Nilimtazama mama, nikatazama kishikwambi, kana kwamba chenyewe ndicho kilichozungumza.

"Na misiba?"

"Misiba gani?"

Ndipo kila kitu kikajipanga. Lile vumbi la kijivu kwenye pindo la khanga, ambalo lilininyima raha mwaka mzima kwa sababu wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, lilikuwa saruji. Bahasha ya rambirambi ilikuwa ya fundi. Nilimuuliza kwa nini hakusingizia harusi, walau ya heri. Akanicheka. Harusi ina sare, ina michango, ina watu wa kukuuliza mbona hukuonekana kwenye picha. Msiba hautaki kitu ila khanga, na hakuna anayemzuia mtu kwenda kuzika.

"Lakini mama, si dhambi?"

"Kwani nimemtaja nani? Gongo la Mboto kila siku kuna aliyefariki. Na nikifika huwa nawasomea fatiha, wote kwa pamoja, kabla sijagusa tofali."

Aliyekuwa anafichwa ni mjomba, mdogo wake mama. Mjomba si mtu mbaya. Ni mtu wa miradi. Pesa ya mama ya mchezo wa upatu, ile aliyoipokea mara moja tu kwa mkupuo, mjomba aliiombea mabanda ya kuku wa mayai. Ugonjwa wa kideri ukapita. Mjomba akija kwetu akaona bati jipya hata moja, tayari anaona mradi. Na mama bado alikuwa na paa zima la kuezeka.

Basi ikafika Jumamosi ya bati. Mama aliondoka mapema "kuzika". Saa tatu mlango ukagongwa, mjomba huyu hapa, kanzu imepigwa pasi, baraghashia kichwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo nakwenda na mie msibani. Dada anazika peke yake kila siku, watu watasema ukoo wetu hauna mwanamume. Nielekeze, ni kwa nani?"

Kichwa changu, ambacho siku zote huwa kimejaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeuliza, kikawa kitupu. Niliwaza kuzimia. Nikawaza kuzimia kwa upande gani, maana kulia kulikuwa na karai la mafuta. Jicho likatua kwenye kishikwambi.

"Mjomba, kaa kidogo. Nahitaji kumdodosa mwanamume mmoja mwenye shughuli zake, mtu mwenye uzoefu."

Neno "uzoefu" lilimkalisha. Nilijua kwenye kazi yenyewe haturuhusiwi kudodosa ndugu, na sikukusudia kuyatuma majibu yake popote. Sikuwa nafanya utafiti. Nilikuwa nalinda paa.

"Je, umewahi kupokea fedha kutoka kwa ndugu kwa ajili ya biashara?"

Mjomba akarekebisha baraghashia. "Ndugu husaidiana."

"Biashara hiyo bado ipo?"

"Ipo."

"Kwa kiasi gani?"

"Wamebaki watano."

"Watano kati ya wangapi, mjomba?"

"Hilo nalo limeandikwa humo?"

"Limeandikwa," nikasema, na halikuwepo.

Akatazama saa ya ukutani. Nikamfikisha pale pale: uzeeni, utategemea nini? Nilitegemea mradi mpya, pengine samaki. Mjomba alinishangaa kama nimemuuliza jua linachomoza wapi.

"Si dada yangu yupo?"

Kidole kikaning'inia juu ya neno "ndugu". Kumbe miaka yote aliyokuwa anafichwa, na yeye alikuwa na mpango mmoja tu kama sie, nao ulikuwa na goti bovu.

"Yamebaki mangapi?" akauliza.

"Arobaini na mawili."

"Aa, basi nimeshachelewa. Hata maiti watakuwa wameitoa." Akasimama, akapapasa mfuko wa kanzu, akanipa noti ya elfu kumi. "Mama yako awafikishie wafiwa. Awaambie nilibanwa na mambo ya serikali."

Mama alirudi jioni, nyusi zote nyeupe kwa vumbi. Nilimsimulia yote. Pale pa mambo ya serikali alicheka mpaka akalishika goti. Nilipofika kwenye jibu la mwisho akaanza kufungua fundo la khanga taratibu.

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Unadhani kile chumba cha nne, cha uani, chenye mlango wake peke yake, nimemjengea nani?"

Nikaona mwanga. Nikasema basi tumwambie, yaishe, mtu apumue. Mama akanitazama kwa huruma, kama anayejiuliza chuo kilinifundisha nini.

"Nimwambie leo? Bati zimepungua tatu, na zilizopungua ni za chumba hicho hicho chake. Akijua sasa hivi, kesho anahamia na kuku wake watano, mvua iwanyeshee wote sita. Lete hiyo elfu kumi. Jumanne kuna msiba."