Grisi ya Basi la Mkwaja

"Wekeni dau, hamtaniamini," Idarusi, dereva wa basi la Mkwaja, huwaambia watu wa Ngamiani. "Fundi wangu huiogesha grisi!" Na kweli. Kabla ya kupaka jointi za shafti, fundi huchota tonge la grisi, akalifumbata, akazamisha ngumi kwenye ndoo ya maji ya bahari na kufinya polepole. Maji yakigeuka meupe kama tui, kopo lote hulikataa. "Hii ikilowa maji ya chumvi pale pantoni ya Pangani imekwisha," husema kwa sauti ya chini, kisha hufungua jingine.

"Weye fundi, basi langu umelichumbia?" Idarusi humtania. Fundi hufuta vidole kimoja kimoja. Basi likirudi huuliza hali ya jointi, macho yakiwa mlangoni, mpaka abiria wa mwisho ashuke.

Jana Idarusi akamkuta anafuta kiti cha nyuma ya dereva kwa kanzu yake mwenyewe.

"Nani kalalamika?"

"Hajapanda bado. Mke wangu yuko kwao Mkwaja tangu Maulidi. Siku akiamua kurudi, basi lisije likamlaza njiani."

Ngamiani nzima Idarusi alishaitangazia kwamba fundi kapenda basi. Hapo alikosea.