Sweta la Vern na Vitoto vya Fereti

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika birika, Merle Hocking huvaa sweta la marehemu mumewe Vern, huenda kwenye kibanda cha nyuma na kupiga magoti juu ya gunia. Kisha huingiza mkono kwenye sanduku la fereti mpaka kiwikoni na kutulia. Ndani, vitoto humpanda, humramba, hulala kwenye kiganja chake. Anataka wazoee harufu ya binadamu tangu wangali vipofu.

Mwanzoni Tegan, mpwa wake aliyehamia nyumbani kwake huko Creswick majira ya baridi, alidhani shangazi yake anasali. Baadaye aligundua kwamba sweta lenyewe limebaki na mkono mmoja. Kila kitoto kinachouzwa huondoka na kipande chake, kikalalie huko kiendako. Tegan alitamani kumuuliza jambo kuhusu sweta hilo, lakini yeye si msemaji, akaenda kubandika birika.

Fereti ni jamaa ya kicheche, mrefu, mwembamba, mwenye uso wa kuchekesha. Vern na kaka yake Clarrie waliwafuga kwa ajili ya kuwafurusha sungura mashimoni. Vern alipofariki, jike lao lilibaki mali ya watu wawili, Merle na Clarrie. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa kuwa Clarrie alikuwa amemwahidi mwenye duka la wanyama mjini vitoto vyote, Jumamosi ya wiki hiyo.

"Hata macho hawajafumbua, shemeji!" Merle alimwambia.

"Wanakula nyama. Mwenye meno ya kula nyama ameachishwa ziwa. Mimi na Vern tumekwenda hivyo maisha yetu yote."

Kitoto cha fereti kweli hutafuna nyama kabla ya kufumbua macho, huku bado kinanyonya, na wafugaji wa pale wamepotea njia hapo hapo kwa miaka mingi. Merle akapeleka shauri kwenye chama cha wafugaji wa fereti: mtoto asiuzwe kabla ya wiki nane, wala asiuzwe peke yake. Kanuni ikipita, Clarrie atafungwa mikono. Isipopita, Jumamosi sanduku litakuwa tupu.

Alhamisi jioni walikusanyika katika ukumbi wa klabu ya kandanda, chai na keki za nazi mezani. Tegan alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Mwenyekiti, Bwana Pascoe, alisoma shauri akauliza nani analiunga mkono. Asipopatikana mtu, linakufa papo hapo bila kura.

Watu walitazama keki.

"Nyie mbona mmekuwa mabubu?" Merle akasema. Akatia mkono kifuani, ndani ya sweta, akatoa kitoto kimoja cha rangi ya maziwa.

"Ala!" Clarrie akaangua kicheko. "Unataka wasitoke kwa mama yao, na wewe umemtoa!"

"Nimemtoa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Wewe unataka kumtoa moja kwa moja. Haya, mshike. Mpe na nyama."

Alikuwa na kipande cha sungura kwenye karatasi. Clarrie akakisogeza, kitoto kikakidaka na kutafuna.

"Mmeona? Nilisema nini?"

"Usimweke chini. Mngoje amalize."

Kilipomaliza, kilianza kuhangaika kwenye kiganja cha Clarrie. Macho yamefumba, pua inapapasa huku na huku. Kikaingia ndani ya mkono wa shati lake, kikashika kifungo kwa mdomo na kukinyonya. Kifungo hakikutoa kitu. Kikalia, sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta.

"Njaa?" Clarrie akauliza.

"Ameshiba, si umemlisha mwenyewe?"

Ukumbi haukucheka. Clarrie alijaribu kukiliwaza kwa kidole, kikazidi kulia.

"Vern aliwauza wadogo kama huyu, ni kweli," Merle akasema, kwa sauti ya chini kama wako jikoni wawili tu. "Aliwauzia wawindaji, wakatiwa kwenye banda lenye wenzao, wakalaliana. Dukani kila mmoja atakaa peke yake kwenye sanduku la kioo, Clarrie. Usiku duka likifungwa, atamlilia nani?"

Akakifunika kitoto kwa upindo wa sweta. Kikanusa, kikajikunja, kikanyamaza.

Clarrie alikaa akilitazama sweta la ndugu yake lililokatwakatwa. Kisha, bila kuinua macho, akainua mkono uliokuwa mtupu.

"Naunga mkono, mwenyekiti. Andika upesi kabla sijabadili nia. Na huyo wa duka nitamwambia mwenyewe, atanitukana vizuri."

Kura zikapigwa, kanuni ikapita. Watu wakarudi kwenye keki, Pascoe akimtania Clarrie kwamba sasa amekuwa mama mnyonyeshaji.

Njiani kurudi nyumbani Tegan aliendesha gari polepole. Merle alikuwa amekumbatia kifua chake, kitoto kimelala humo. Vitoto vyote vingesubiri sasa, na kila kimoja kingehitaji kipande chake.

"Shangazi, sweta hilo likiisha?"

"Kuna jingine kabatini," Merle akasema. "La bluu."