Mahali Patupu kwenye Kamba

Mwalimu Kamba alikuwa na jina lake la ubatizo, lakini waliolikumbuka ni mkewe na karani wa pensheni tu. Wengine wote walimwita hivyo kwa sababu ya ile kamba ya manila aliyofundishia darasa la ubatizo mwaka nenda mwaka rudi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, na kila Jumamosi alasiri aliianika historia ya Mungu na wanadamu kwa vibanio vya nguo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine wa ukumbi wa kanisa.

Kila kizazi kilipewa urefu wa kiganja, si zaidi si pungufu, maana Mwalimu hakuwa na mzaha na vipimo. Vipande vya kitambaa vilivyobanwa kwenye kamba alivishona mkewe, fundi cherehani: cha nyota kwa Abrahamu, cha buluu kwa Bahari ya Shamu, cha manjano kwa wafalme, cheusi kwa uhamisho wa Babeli. Karibu na mwisho palikuwa na utepe mrefu wa kijivu, ndio barabara za Warumi, kisha kipande cheupe cha Kuzaliwa kwa Bwana. Kile cheupe kilikatwa kwenye gagulo kuukuu la mkewe, lile la kuvaa ndani ya gauni. Hiyo ilikuwa siri ya wawili. Mwalimu alipokinyanyua kwa heshima mbele ya wanafunzi, mkewe huko nyuma alikuwa akijiziba mdomo asije akaangua kicheko.

"Warumi walidhani wanajenga barabara za majeshi yao," Mwalimu alikuwa akisema, kidole juu. "Kumbe wanawatengenezea mitume njia. Wayunani wakajisifu kwamba dunia nzima inaongea lugha yao. Kumbe wanaandaa lugha ya Injili. Mungu hana haraka, ndugu zangu, na hajawahi kuchelewa."

Sentensi hiyo ya mwisho wanafunzi waliweza kummalizia. Aliipenda mno, na ukweli usemwe, aliipenda zaidi kadiri mambo yake mwenyewe yalivyokuwa yakimnyookea.

Kati ya nabii wa mwisho na utepe wa kijivu, kamba ilikuwa tupu. Miaka kama mia nne, hakuna nabii, hakuna maono, Mungu kimya. Siku mkewe alipokuwa akishona vipande vile, alifika hapo akasimamisha cherehani.

"Na hapa niweke nini?"

"Usiweke kitu. Hakuna neno lililokuja."

"Lakini watu walikuwepo, Baba."

"Walikuwepo, ndiyo. Walikuwa wanangoja."

"Kungoja nako ni kazi? Watu hawakai tu miaka yote hiyo wamekunja mikono."

"Mama nanihii, historia niachie mimi," alisema, na yakaishia hapo. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kwenye kamba tupu, anaruka kama mtu anayeruka dimbwi, anatua kwa Warumi.

Kisha mkewe akapata kiharusi. Alianguka jikoni, sufuria mkononi, na upande wa kushoto haukurudi tena. Maneno nayo yalimpungukia. Yaliyobaki yalitoka moja moja, kwa taabu, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Binti yao alipiga simu kutoka mji mwingine: "Baba, mlete mama kwangu." Lakini binti mwenyewe alikuwa na chumba kimoja na watoto wachanga, na wote wawili walijua kwamba maneno hayo ni ya upendo tu.

Kwa hiyo Mwalimu akawa muuguzi. Alijifunza kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, kumlisha uji kwa upande wa mdomo ulio mzima, kumpaka poda mgongoni, kutandika mpira chini ya shuka. Zaidi ya yote alijifunza kufua. Hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa ni mashuka. Alifua asubuhi, akafua mchana, mikono ikababuka kwa sabuni, kiuno kikakataa kunyooka. Darasa alilihamishia nyumbani toka ukumbi wa kanisa kwa sababu hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake, akaifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari ulio juu ya mlango wa chumbani, na mlango wenyewe aliuacha wazi ili amsikie.

Na aliomba. Mwanzoni aliomba kwa sauti, akipiga magoti, akipanga hoja zake vizuri kama mtu aliyezoea kufundisha. Baadaye aliomba akiwa ameinama kwenye beseni. Mwishowe akawa anasema tu, "Bwana, unaona," na hata hilo alilisema kwa mazoea. Hakujibiwa kwa uponyaji wala kwa amani, na wala hakupata ile faraja ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwaahidi wafiwa. Alichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu aliamka nao na kuvaa nao viatu.

Kilichomuuma kuliko kiuno ni ile sentensi yake. Kila Jumamosi ilipofika mdomoni ilimkwama kama kidonge kisichoshuka kooni. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, anasimama na kuwaambia watu jambo asilolijua tena kama analiamini! Akaona huo ni uongo, na uongo darasani hakuwahi kuuvumilia kwa mtu yeyote. Akamwambia mchungaji atafute mwalimu mwingine. Jumamosi inayokuja angewaaga wanafunzi na kuikabidhi kamba.

Jumamosi yenyewe ilianza vibaya. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kitanda kikalowa mara mbili kabla ya chai. Mwalimu alifua shuka la kwanza, akafua la pili, akatoka nayo uani mvua ilipopungua, akakuta kamba ya nje imekatika na kulala topeni. Akasimama pale, mvua ikirudi kumpiga utosini, akataka kulia, hata kulia akaona ni kazi. Akarudi ndani. Kamba ya darasa ilikuwa imeshatundikwa na vipande vyake vyote, kuanzia Abrahamu. Nafasi ilikuwa pale tu palipo patupu. Akatupia mashuka mawili hapo, akayabana, akasema atayaondoa kabla watu hawajaja, akaketi apumzishe mgongo kidogo.

Alishtuliwa na hodi. Wanafunzi walikuwa mlangoni wakikung'uta miavuli: fundi wa redio, muuza mitumba na mkewe, na msusi, mwanamke wa maneno mengi ambaye saluni yake ilisemekana kuwa na habari kuliko gazeti.

"Shikamoo Mwalimu. Tumekuamsha?"

"Marahaba. Nilikuwa nafikiri," alisema Mwalimu, na alama ya mkono wa kiti imechorwa shavuni.

Wakaingia, wakakaa. Hakuna aliyesema neno juu ya mashuka, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi. Yalining'inia katikati ya historia takatifu yakidondosha maji sakafuni, na kwa pale walipokaa watu, kipande cheupe hakikuonekana kabisa. Akaona heri amalize upesi. Akapita Abrahamu, akapita Bahari ya Shamu, wafalme, Babeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la mnada. Akafika kwenye mashuka, akakohoa ili aage.

"Mwalimu, samahani," msusi akadakia. "Hapa kwenye mashuka pana nini? Maana siku zote unaparuka."

"Hapana kitu. Mungu alikuwa kimya, miaka mia nne."

"Mia nne!" Msusi akashika kidevu. "Mimi wiki moja tu nikiomba nisijibiwe nanuna. Sasa hao watu walifanya nini muda wote huo?"

Mwalimu aligeukia mashuka. Jibu lake la zamani lilikuwapo, walingoja, lakini aliliona jepesi mno kwa watu waliozaliwa na kufa humo bila kusikia kitu.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nzito, ikisukumwa silabi kwa silabi.

"Wa-li-fu-a."

Msusi alianza kucheka, kisha akaona uso wa Mwalimu na kuacha. Mwalimu alikuwa ameshika pindo la shuka na kuliangalia kana kwamba limekuja lenyewe. Walifua. Waliwageuza wagonjwa wao, wakawalisha upande ulio mzima, wakawazika, wakazaa wengine, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba barabara zinajengwa. Kama wangeacha kufua kwa sababu Mungu amenyamaza, yule binti wa Nazareti angezaliwa na nani? Macho yalimlowa, naye hakujisumbua kuyaficha.

Sentensi yake ya zamani hakuisema. Bado ilimkwama, na uchovu ulikuwa palepale kiunoni. Lakini kuaga nako kulimshinda.

"Leo tunaishia hapa," alisema. "Kwenye mashuka. Jumamosi ijayo tutaanzia hapahapa."

"Na kile cheupe?" aliuliza fundi wa redio.

"Kipo. Kipo nyuma yake. Leo hatukioni."

Walipoondoka aliingia chumbani na beseni, maana harufu ilishamwambia kwamba kitanda kimelowa tena. Akamgeuza mkewe taratibu, akamfuta, akamlaza juu ya kanga kavu. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Uliniambia," alisema. "Siku ile unashona. Uliniambia watu walikuwepo, mimi sikusikia. Ndiyo kwanza leo nakuelewa."

Mkewe alimtazama akilitafuta neno. Upande wa mdomo uliobaki mzima ukainuka kidogo, uleule uliokuwa ukiuficha ucheshi wa gagulo.

"Ume-che-le-wa," alisema.