Mkono wa Mjomba Mchi

Asubuhi za utoto wangu Kasongo zilinukia mawese yanayochemka, na ndani ya harufu hiyo ulisikika mdundo. Wageni walidhani jirani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kumbe ni mjomba wangu, kaka wa mama, akilipiga ngumi gunia la pumba za mpunga lililoning'inia nyuma ya jiko letu. Ndiyo maana watu walimwita Mchi. Alikuwa bondia wa uzito wa juu, pande la mtu, ila mwoga wa kuku: akikuta jogoo mlangoni, alizunguka nyuma. Ulingoni mambo yalikuwa mengine. Mkono wake wa kulia ukifika, shughuli imekwisha. Mimi nilining'inia kwenye mkono huohuo, naye akanibeba hivyo kutoka shambani.

Kiangazi kimoja alipanda pikipiki hadi Salamabila kupigana na kijana mchimba dhahabu. Kijana alianguka, hakuamka tena. Ajali haina kinga, watu wakasema. Mama wa marehemu hakutaka kesi. Alimwita mjomba kwake Kabambare wale sahani moja, kama desturi inavyotaka: mkishakula pamoja, damu imekwisha. Mama yangu alinichukua, nikaona kwa macho yangu. Bibi yule mfiwa alimnawisha mjomba yeye mwenyewe, akamega ugali, akala, akangoja. Mjomba aliutazama mkono wake tu.

"Kula, mutoto yangu," bibi alisema. "Miye nimeisha kula."

"Mukono yangu iko muchafu, mama."

"Si miye mwenyewe nimekunawisha?"

Mjomba akalia mbele ya watu wazima, na sahani ikaondolewa imejaa. Tangu siku ile hakuligusa gunia, panya wakalimaliza. Kila aliyemsalimu alipewa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyetoka kushika matope. Hata mimi.

Bibi yule amekufa zamani, na hakuna tena wa kula naye. Maji yakimwagika hayazoleki. Leo mjomba anaishi kwangu. Ngumi alizopigwa ujanani zimemla akili, na mkono ulionibeba haushiki hata kikombe. Miaka yote niliomba Mungu amsahaulishe Salamabila. Amesahau mapambano, amesahau dada yake, amesahau jina langu. Asubuhi hii nimemnawisha, nikamkausha vidole kimoja kimoja, kisha nikampa mkono kumwamkia. Amenigeuzia kifundo.

"Mukono yangu iko muchafu, mama," ameniambia.