Kiingereza cha Nyumbani

Nilimwomba baba nimwandikie jina la kitabu kwenye kikaratasi, akakataa. Mtu mzima hatumwi dukani na kikaratasi, alisema. Kikaratasi ni cha mtoto anayekwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua chumvi na sabuni. Nikamtajia kwa mdomo, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa sauti: English Home Language, grade kumi na mbili, kile cha fasihi. Akaitikia kwa kidevu huku anafunga kamba za buti zake za kazi. "Nimesikia. Mi si kiziwi."

Habari hii inanikasirisha hadi leo, na sina nia ya kuipoza kwa ajili ya mtu yeyote.

Ulikuwa mwaka 2017, mwaka wangu wa matric, yaani mtihani wa kumaliza shule. Tuliishi Johannesburg, mtaa wa Yeoville, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo lifti yake sikuwahi kuiona ikitembea. Mama alisuka nywele kwenye saluni ya barabarani, baba alilinda geti la nyumba za watu wenye mbwa wakubwa. Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, nikiwa na miaka minane. Nilitaka kusomea sheria. Chuo nilichokiomba kilikuwa kimenipa nafasi ya masharti, na sharti lenyewe lilikuwa moja: alama nzuri ya Kiingereza. Hesabu nilikuwa naziweza, historia naiweza, na Kizulu nilikiongea barabarani tangu mdogo. Kiingereza ndicho kilichokuwa kinanitoa jasho. Kukiongea nilikiongea kuliko kila mtu nyumbani kwetu, lakini kwenye mtihani wa majaribio mashairi na riwaya vilinipiga chini. Nisipopata alama ile, sheria ningeisikia kwenye redio tu.

Wenzangu walikuwa na vitabu vya kurudia hadi vya kuegemeza mlango. Mimi ilinibidi kuchagua. Mitihani ya miaka iliyopita ilikuwa bure kwenye simu, ukiwa na data. Masomo ya Jumamosi yalikuwa bure pia, lakini tulijazana darasani kama dagaa wa ndakala kwenye gunia, na mwalimu alikuwa anatusomea yaleyale tuliyoweza kujisomea. Kilichokosekana ni mtu wa kunieleza mshairi anataka nini na kwa nini hasemi waziwazi. Kulikuwa na kitabu kinachofanya kazi hiyo, nilikiona kwa msichana wa darasa letu. Kinachambua kila shairi na kila sura, maswali na majibu. Mama alikubali tununue kimoja. Hakuna cha pili, alisema, na nilimwelewa.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya shule za huku: Kiingereza kipo cha aina mbili. Kipo cha Home Language, lugha ya nyumbani, ambacho ni kigumu. Na kipo cha First Additional, lugha ya kwanza ya nyongeza, ambacho ni chepesi, na mashairi yake ni mengine, na riwaya yake ni nyingine. Shule yetu ilifundisha kile cha nyumbani tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyumbani kwetu tunaongea nini. Nilipewa Kiingereza kiwe cha nyumbani kwangu kama mtu anavyopewa sare, na ikikubana ni shauri lako.

Siku baba alipokileta kitabu nilikuwa mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilikikuta mezani, tayari kimefunikwa. Kwetu kitabu hakiguswi kabla hakijavishwa, na kazi hiyo haikuwahi kuachiwa mwingine ila baba. Alikuwa amekata plastiki ngumu, akakunja pembe kwa rula, akagandisha kwa ndani ili gundi isionekane. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina langu lote kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule wa kuinama aliofundishwa na mapadri, na chini yake ameandika 6ème, maana kwa baba darasa la mwisho linaitwa hivyo, tuwe Bukavu tuwe Johannesburg.

Nikasoma jalada kupitia plastiki. English First Additional Language.

Damu ilinipanda. Nilisema, papa, hiki sicho. Akasema ndicho. Nikasema mimi nafanya Home Language, nilikuambia mara mbili. Akarudisha tonge sahanini.

"Home ni nini?"

"Nyumbani."

"First ni nini?"

"Papa, hapa haimaanishi..."

"First njo ya kwanza! Home ni ya ku nyumba, ya jikoni. Nikununulie Kingereza ya jikoni ju ya nini? Unataka kuwa avocat ya ku mahakama ao unataka kupika?"

Wadogo zangu wakacheka, wao ambao hata Kiswahili hicho walikuwa wanakisikia tu na kujibu kwa Kiingereza. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba mashairi haya hayatakuwemo kwenye mtihani wangu, hata moja, na kwamba ni sawa na kunipa funguo za nyumba ya jirani. Mama akaingilia kutoka kwenye sufuria: "Mutoto, shukuru kwanza. Ya kugombana itakuja nyuma." Shukuru! Nishukuru kwa kupotezewa nafasi moja niliyokuwa nayo? Baba alinitazama, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaendelea kula ugali wake.

Hasira hasara, husema watu. Mimi nasema hasara ilikwisha kuingia ndani na kuvua viatu kabla hasira haijabisha hodi.

Jumamosi nilikichukua kitabu bila kumwambia mtu, nikapanda taksi hadi mjini, kwenye duka lenyewe. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Risiti ninayo, kurasa hazijaguswa, nitaomba kibadilishwe. Kijana wa kaunta alikifungua, akaona jina na ule mwandiko wa wino, akapitisha kucha kwenye gundi ya plastiki. Akatikisa kichwa. Kitabu kilichoandikwa jina hakirudi dukani. Ingekuwa kimetupwa tu kwenye mfuko na mtu asiyejali, wangekibadilisha papo hapo. Baba yangu alikuwa amekitunza hadi akakiharibu.

Nilikuwa nageuka niondoke yule kijana alipoangalia risiti tena, akaanza kutabasamu.

"Ngoja. Aliyekinunua si mzee mmoja hivi, mlinzi, ana sare?"

Nikasema ni baba yangu.

Akamwita mwenzake kutoka kwenye rafu. "Njoo, ni yule wa Swahili!" Kisha akanisimulia, akidhani ananipa zawadi. Mzee aliingia, akaomba Kiingereza cha grade kumi na mbili. Kijana akamwuliza, akimaanisha aina ya kitabu, "Home Language?" Mzee akasimama wima, akajibu, "Swahili." Kijana akauliza tena, taratibu, kama unavyomwuliza mtoto: "Home Language, baba?" Na mzee tena, kwa sauti zaidi: "Swahili. Swahili and little French." Wakacheka, yeye na mwenzake, kijana akampa First Additional. Akampa na mfuko.

Wakacheka tena mbele yangu. Yule mwenzake alilazimika kushika kaunta.

Nilisikia masikio yanawaka. Niliwauliza, kwa Kiingereza changu kisicho na kasoro, walidhani wanacheka nini. Yule kijana akashtuka. "Lakini wewe unaongea vizuri," akasema. "Ungekuja wewe, ningekupa Home."

Ningekupa Home! Kama vile ni yake, anaigawa.

Nikamwuliza kwao wanaongea nini. Kisotho, akasema. Na shuleni Home Language yake ilikuwa ipi? Kisotho. Na Kiingereza? First Additional, akasema, na bado hakuona kitu. Nikamwambia: basi ungeulizwa wewe, ungejibu kama alivyojibu yeye. Uliulizwa lugha ya nyumbani ukataja ya nyumbani, na cheti wakakupa. Baba yangu ameulizwa swali hilohilo, amejibu kweli, umemfanya kichekesho. Kijana akasema, eish, sister, ni utani tu, usikasirike. Nikamwambia nakasirika nitakavyo. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutazama viatu vyao, na mlinzi wa mlangoni, ambaye kwa lafudhi aliyonisalimia nayo nilipoingia alikuwa mtu wa kwetu, akanifungulia mlango taratibu.

Taksi ya kurudi ilikwama kwenye robot, taa za barabarani, moja baada ya nyingine na mimi nilikuwa nachemka. Nilikuwa nataka kufika nimwambie baba kila kitu. Nilitaka ajue kwamba najua. Habari za "First njo ya kwanza" zilikuwa uongo wa kufunika aibu. Dukani hakuchagua chochote. Aliulizwa swali la maneno mawili, akalijibu vizuri kuliko kitabu chenyewe, na alipofika nyumbani na kuona uso wangu akaelewa kwamba jibu lake la kweli lilikuwa limemponza. Basi akatafuta sababu ya kibabe, maana sababu ya kibabe haichekwi.

Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Hakuniuliza nilikotoka. Aliona kitabu mkononi mwangu, akaona kimerudi, akageuza kola ya shati akaendelea kupiga pasi upande wa pili.

Sikusema. Watu huniambia huo ulikuwa upendo, na inawezekana, lakini wakati ule ndani yangu hakukuwa na upendo hata wa kijiko. Nilinyamaza kwa sababu nisingevumilia kuwa mtu wa tatu wa kumcheka.

Aliyenitoa shimoni ni mama mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, anayefanya kazi benki, ambaye binti yake alikuwa anafanya mtihani uleule katika shule ya watu wenye nazo. Nilimweleza yote baada ya ibada, nikiwa nimekasirika hadi sauti inakatika. Na duka pia nilimweleza. "Aki wewe, si ungeniambia mapema?" akasema. "Huyu wangu ako na tatu, na hata hafungui." Akapiga kopi kurasa nilizohitaji, akaniletea kwenye bahasha kubwa. Hata hilo liliniuma: mwenzangu ana vitabu vitatu vya kukusanya vumbi na mimi nashukuru kwa kopi. Lakini nilizichukua, njaa haina kiburi.

Kopi zile nilizipanga ndani ya kitabu cha baba. Zilikuwa pana kidogo, pembe zikachungulia nje ya plastiki. Nikasoma hivyo wiki baada ya wiki, mezani, mbele ya kila mtu: nje First Additional, ndani Home Language. Baba alikuwa anapita nyuma yangu akienda zamu, anasimama kidogo, anakohoa. "Unaona?" anasema. "Kitabu ya muzuri." Nikawa nauma ulimi. Shairi la kwanza nililolielewa vizuri mwaka ule lilikuwa la mtu anayemkasirikia baba yake, na nililielewa bila maelezo.

Matokeo yalipotoka Januari, alama ya Kiingereza ilitosha. Haikubaki hata ya kumpa jirani, lakini ilitosha. Mama alipiga kigelegele hadi wa ghorofa ya nne wakashuka kuuliza.

Jumapili iliyofuata baba akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kanisa letu liko kwenye ghala la zamani, watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, na mtu anatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto. Baba alivaa koti lake la harusi.

"Bwana asifiwe! Mimi sikusoma mingi. Lakini nilienda mwenyewe ku duka. Hakuna mutu alinionyesha. Nikachagua mwenyewe. Nikamununulia mutoto wangu Kingereza ya first, ya kwanza, na Mungu akafanya!"

"First-class English!" akatafsiri kijana wa maikrofoni, na kanisa likapiga makofi.

Yule mama wa benki aligeuka kunitazama kutoka safu ya mbele, nyusi zimepanda hadi kwenye kilemba. Mama yangu alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilikaa nimekunja ngumi mapajani, nayaona yote tena, kaunta na vicheko vyao, na kijana wa watu anayegawa nyumbani kama pipi. Baba hakurudi kitini. Alibaki na maikrofoni mkononi, makofi yanaisha, akanitafuta kwa macho kati ya wanakwaya hadi akanipata. Na kwa jinsi alivyonitazama niliona kwamba kopi alikuwa ameziona siku nyingi, kila alipopita nyuma yangu, na kwamba alijua kabisa kile ninachokijua kuhusu lile duka. Alikuwa ananingoja, nimwumbue au nimwitikie.

Nikasimama. Nikasema amina, kwa hasira, kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima, nikarudia mpaka wote wakaitikia.